Mkalimani Asiyeapishwa

Gwantwa Mbonile aliajiriwa mahakamani kufanya usafi, na kazi hiyo aliifanya miaka tisa bila mtu yeyote pale kumwuliza anajua lugha gani. Alfajiri alitoka nyumbani kwake, eneo la Mpemba, akafungua madirisha, akadeki ukumbi mkubwa na korido, akafuta vumbi kwenye meza ya mbele, kisha akakaa kwenye benchi la nyuma karibu na stoo, akisubiri kuitwa palipomwagika chai au palipotapika mtoto. Kesi zilimpita masikioni. Wizi wa ng'ombe, talaka, mahindi yaliyovushwa kwenda Zambia bila kibali. Alizisikia kama mtu anavyosikia redio ya jirani.

Kwao ni Ileje, milimani, na Kindali ndicho alichokua nacho. Lakini akiwa na miaka ishirini na mmoja aliolewa na Osward, Mnamwanga wa Tunduma mwenye duka la vipuri vya malori, na ndani ya nyumba wakazungumza Kiswahili, kwa kuwa ndiyo lugha pekee waliyokuwa nayo wote wawili. Binti yao Goodness alikulia kwenye Kiswahili hicho hicho. Kindali kilibaki cha kwenye simu, Jumapili baada ya ibada, Gwantwa akiongea na mama yake.

Mwaka 2019 jaji alikuja kwa kikao cha kesi za mauaji. Siku ya tatu, Gwantwa akiwa anakamua dekio, karani Danford alitoka ukumbini mbio mbio.

"Mama Goodness, wewe si mtu wa Ileje?"

"Wa Ileje, ndiyo."

"Kindali unakijua?"

"Nitaachaje kukijua, mwanangu?"

"Basi njoo. Mkalimani hajatokea, na Mheshimiwa ameshakaa."

Gwantwa aliegemeza dekio ukutani, akafuta mikono kwa kanga, akaifungua ile kanga kiunoni na kuikunja. Akaingia kwa mlango wa mbele, mlango ambao kwa miaka tisa aliupita akiwa ameinama tu. Jaji alimtazama juu ya miwani.

"Unaelewa Kindali na Kiswahili vizuri?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Haya. Tuendelee."

Biblia ilikuwa pale pale mezani. Gwantwa aliijua vizuri, kila asubuhi aliipangusa. Alijua mashahidi huishika na kuapa. Hakujua kama na yeye alipaswa kuishika, na hakuna aliyemwambia. Wakili wa Serikali alikuwa anapekua makaratasi. Wakili wa utetezi, aliyepangiwa kesi hiyo na kumwona mteja wake kwa mara ya kwanza asubuhi ile, alikuwa anaandika. Danford alikuwa amesharudi kwenye kiti chake. Kesi ikaendelea.

Mshtakiwa aliitwa Tusekile. Alikuwa mjane wa miaka arobaini na kitu, mwembamba, na miaka miwili ya mahabusu ilikuwa imemnyonyoa nywele mbele. Alidaiwa kumwua shemeji yake, Nsajigwa, kwa kukusudia. Alipomsikia Gwantwa akimsalimu kwa Kindali, alishusha pumzi ndefu hadi mabega yakashuka nayo, kama mtu aliyetua mzigo. Gwantwa aliiona ile pumzi. Baadaye angeiona tena mara nyingi bila kuitaka.

Mashahidi wawili walitangulia, majirani. Walisema walisikia ugomvi shambani, walipofika walimkuta Nsajigwa amelala chini, kichwa kimepasuka, peke yake. Kisha ikawa zamu ya Tusekile kujitetea.

Alisema mambo marefu. Alisema mume wake alipofariki, Nsajigwa alianza kulitaka shamba la kahawa, mwisho akaja asubuhi moja na panga na kuanza kufyeka migomba ya mpakani. Alisema alimfuata kumzuia, naye akamkaba shingo, na pale kwenye kukabwa ndipo alipomsukuma kwa mikono yote miwili. Nsajigwa alianguka kinyumenyume, kisogo kikapiga jiwe. Yeye akaona damu. Alichukua ndoo akakimbia kijitoni kuchota maji amwoshe, na aliporudi na maji watu walikuwa wameshajaa na mtu ameshakata roho.

Gwantwa alitafsiri kipande kwa kipande, na kwa kweli alianza vizuri. Sauti yake ilitoka safi. Alijisikia kuwa mtu wa maana mle ndani, na hilo hakuwahi kulikana hata mbele ya nafsi yake. Lakini Tusekile alikuwa haweki nukta. Alisema la migomba, akarudi kwenye msiba wa mumewe, akaenda kwenye ndoo, akarudi shingoni, na Gwantwa alibaki nyuma akishika hili na kuacha lile.

Jaji alinyanyua kalamu. "Mwambie ajibu kwa kifupi. Alimfanya nini marehemu?"

Gwantwa alimwambia. Tusekile akaanza upya, vile vile kwa urefu, na machozi juu yake. Ukumbi ulikuwa na joto, watu walikuwa wanajipepea kwa madaftari. Alipomaliza, jaji alimgeukia mkalimani.

"Anasema alimsukuma," Gwantwa alisema. "Akaanguka, akapiga kichwa kwenye jiwe. Akaondoka."

"Akaondoka?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

Jaji akaandika. Aliandika kwa Kiingereza, kama ilivyokuwa siku zile, hivyo maneno ya Tusekile yalivuka lugha mbili kabla ya kutulia kwenye karatasi. Wakili wa utetezi hakuuliza swali. Gwantwa alishukuriwa, akarudi kwenye ndoo yake, akakuta maji yameshapoa.

Wiki mbili baadaye aliitwa tena, siku ya hukumu. Safari hii alikuwa amevaa viatu vya Goodness na gauni la kanisani. Jaji alisoma, kila baada ya aya akieleza kwa Kiswahili, na Gwantwa akageuza kwa Kindali, taratibu, akiwa ameelekea kizimbani. Yakaja maneno haya: kwamba mshtakiwa, baada ya kumwangusha marehemu, alimtelekeza akivuja damu akaenda zake, na kwamba mtu asiye na nia mbaya asingefanya hivyo, kwamba mahakama inayo haki ya kuiona nia yake katika kitendo hicho cha kuondoka.

Hapo ndipo Gwantwa alipolikumbuka lile neno maji. Lilimjia wazi, na ndoo yake, na kijito chake. Na kinywa chake kilikuwa kimeshaanza kutafsiri. Kikamalizia.

Tusekile aliinua kichwa. "Nilikwenda kuchota maji," alimwambia Gwantwa kwa Kindali, si kwa sauti kubwa. "Nilikwambia. Nilikwenda kuchota maji."

Jaji alikuwa ameshaanza aya iliyofuata. Danford alikuwa anamtazama mkalimani kwa macho ya kumharakisha. Gwantwa alisimama katikati ya jaji na mshtakiwa, na kile alichokifanya kilikuwa chepesi kuliko chochote alichowahi kufanya maishani. Aliendelea.

Adhabu ya kosa lile ni moja tu, na jaji hana pa kuchagua. Aliitamka. Gwantwa aliigeuza kwa lugha ya mama yake: kwamba utanyongwa hadi kufa. Hakuwahi kuyasikia maneno hayo yakisemwa kwa Kindali. Ilibidi ayatengeneze mwenyewe.

Watu wanadhani mtu akifanya jambo kama lile hapati usingizi, anakonda, anapiga kelele usiku. Gwantwa alilala vizuri. Kesho yake alifika kazini kwa wakati, akadeki ukumbi, akapangusa na kizimba. Alikula, alikwenda kwaya. Ila vitu vilianza kumpita. Osward angesema, "Mama Goodness, mboga umeitia chumvi mara mbili," naye akaonja na kweli ikawa hivyo, lakini ulimi wake haukulalamika. Goodness aliposema amepata mchumba, Gwantwa alisema "Mungu ni mwema," akatazama dirishani kama kuna mtu aliyepita.

Mama yake alifariki mwaka 2021. Alipanda Ileje kuzika. Wanawake wa ukoo walimkumbatia wakamlilia Kindali begani, naye akawajibu kwa Kiswahili. Mwanzoni walidhani ni uchungu. Siku ya pili wakaanza kumwona anaringa, mtu wa mjini. Hakuringa. Alikuwa akifungua kinywa kwa Kindali, linakuja lile neno moja, akafunga. Mama yake akafukiwa, yeye akiwa jikoni anagawa chai, macho makavu.

Mwaka huo huo mahakamani aliletwa mzee mmoja kwa kesi ndogo ya mpaka. Danford akaja tena koridoni. "Mama, dakika tano tu. Mzee hasikii ila Kindali."

"Sikijui," Gwantwa alisema.

"Mama Goodness."

"Nimekisahau."

Danford alimtazama. Alikuwa kijana wa adabu, hakubishana. Alikwenda kumtafuta mtu sokoni.

Mwaka uliofuata alikuja wakili mwingine, mwanamke, Irene Mwashiuya, aliyepewa rufani ya Tusekile. Alikuja kuangalia jalada. Gwantwa alipojua ni jalada la nani, alimsubiri koridoni na ndoo mkononi. Ilikuwa mara ya kwanza kumwambia mtu.

"Shikamoo mama," Irene alimtangulia.

"Marahaba. Mimi ndiye niliyetafsiri kesi ya Tusekile."

Irene alifunga mkoba wake. "Wewe?"

"Mimi. Alisema alikwenda kuchota maji amwoshe yule bwana. Mimi nikasema akaondoka. Maji sikuyasema. Na siku ya hukumu aliniambia tena, nikanyamaza."

Alingoja. Hakujua alingoja nini, pengine kukemewa. Irene alikaa kwenye benchi akafikiri, kisha akamwuliza jambo jingine kabisa.

"Mama, uliapishwa?"

"Kuapishwa?"

"Kabla ya kuanza kutafsiri. Ulishika Biblia ukaapa kwamba utatafsiri kwa ukweli?"

"Hapana. Nilikuwa nadeki, nikaitwa."

"Nilijua," Irene alisema. "Kwenye kumbukumbu hakuna kiapo. Jina lako lenyewe halipo. Wameandika mkalimani, basi." Aliongea kwa haraka sasa, si kwa Gwantwa hasa. "Katiba inasema mtu akishtakiwa ana haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu. Mtu haelewi lugha, anayemsemea hakuapa, utasemaje alisikilizwa? Hili linatosha."

"Na maji?"

"Maji hayamo kwenye jalada, mama. Majaji watasoma kilichoandikwa. Tukianza kusema alisema hiki na kile, tutabishana miaka. Kiapo hakibishaniwi." Akamtazama, akaona labda amemjibu kikavu. "Umefanya vizuri kuniambia. Lakini sitalihitaji."

Gwantwa alibeba ndoo akaenda kumwaga maji nyuma ya jengo. Kwa miaka mitatu alidhani lile neno lina uzito wa mtu mzima. Kumbe mahakamani halikuwa na pa kuwekwa.

Uamuzi wa Mahakama ya Rufani ulitoka mwaka 2023. Danford aliupata kwenye simu, akamwita Gwantwa dirishani kwake akamsomea. Mkalimani hakuapishwa. Mshtakiwa hakusikilizwa kwa haki. Mwenendo wote wa shauri ni batili, hukumu inafutwa, adhabu inatenguliwa, kesi isikilizwe upya mbele ya jaji mwingine.

"Batili maana yake nini hasa?" Gwantwa aliuliza.

"Maana yake, kisheria, haikuwahi kutokea."

"Na miaka aliyokaa ndani?"

Danford aliipekua simu kama atakayekuta jibu huko chini. "Hiyo imetokea," alisema mwishowe.

"Na nilichomwambia? Kwamba atanyongwa?"

"Nacho kimefutwa, mama."

Gwantwa aliitikia kwa kichwa. Akaenda kufuta madirisha. Alitegemea kwamba siku hiyo kitu kingelegea kifuani, na akafanya kazi polepole kukipa nafasi. Hakikulegea.

Kesi ilisikilizwa upya mwaka 2024. Jaji safari hii alikuwa mwanamke. Mkalimani alikuwa Lusajo, mwalimu mstaafu kutoka Itumba, huko huko Ileje, mzee mwenye koti zito, naye aliapa kwa sauti akiwa ameshika Biblia hata watu wa benchi la nyuma wakasikia. Irene alisimama upande wa utetezi. Gwantwa alikaa mahali pake karibu na stoo. Hakuna aliyemtazama.

Tusekile aliingia amevaa sweta la kijani. Alikuwa amenenepa kidogo, na nywele zilizorudi zilikuwa nyeupe. Jaji alimwuliza kama baada ya miaka yote hiyo amejifunza Kiswahili.

"Nimekijua gerezani," Tusekile alijibu kwa Kiswahili. "Lakini haya nitayasema kwa lugha yangu, kama unaniruhusu."

"Ni haki yako," jaji alisema.

Akayasema. Lusajo alimsimamisha kwa mkono kila baada ya maneno machache, akatafsiri, akamruhusu tena. Ilichukua asubuhi nzima. Mara mbili Lusajo alimwambia jaji, "Mheshimiwa, hapo sijamwelewa, naomba nimwulize," akauliza, akaelezwa. Hakuna aliyemharakisha. Shingo ikasemwa, na migomba, na jiwe. Kisha Lusajo akasema, kwa Kiswahili chake cha ualimu, "Anasema: nikachukua ndoo, nikakimbia kijitoni kuchota maji ili nimwoshe damu."

Jaji akaandika. Ilikuwa sentensi kama sentensi nyingine. Kalamu haikusita. Gwantwa aliisikia ikikwaruza karatasi, akaona miguu yake imekufa ganzi kwa kukaa, akainuka akaenda kusimama mlangoni.

Hukumu ilikuwa kwamba hakuua kwa kukusudia. Aliua, ila bila kukusudia, akijinasua mikononi mwa mtu aliyemkaba. Jaji alihesabu miaka aliyokwisha kukaa, saba, akatoa kifungo kinachoishia siku ile ile. Ndugu zake Nsajigwa walitoka. Upande wa Tusekile alikuwepo binti yake mmoja tu, Enesi, ambaye alikuwa mtoto wa shule mama yake alipokamatwa na sasa alikuwa na mtoto mgongoni. Enesi alipelekwa na karani kukamilisha makaratasi, na Tusekile akabaki peke yake kwenye ngazi za nje, mfuko wa rambo mkononi.

Gwantwa alimfuata. Hakuwa amepanga la kusema.

"Pole," alisema kwa Kiswahili.

Tusekile aligeuka. Alimtazama kuanzia sare ya usafi hadi usoni. "Wewe ndiye uliyeniambia nitanyongwa."

"Ndiyo, dada."

"Nilikuwa nakusikia kule. Si jaji. Yeye sikumwelewa. Ilikuwa sauti yako, miaka minne, kila mlango ukifunguliwa asubuhi."

Gwantwa alishuka ngazi moja akasimama.

"Nilikuambia maji."

"Uliniambia. Nilisikia."

"Najua ulisikia. Nilikuona usoni." Tusekile alihamisha mfuko kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. "Nilifikiri labda una ugomvi na ukoo wetu. Nikatafuta, nikatafuta, nikakosa. Ulikuwa na nini na mimi?"

"Sikuwa na kitu. Nilitaka nionekane naweza." Alisikia jinsi jibu lilivyo dogo. "Kisha nikaogopa."

Tusekile alilichukua jibu hilo akalitazama mbele yake barabarani, ambako malori ya Kongo yalikuwa yamepanga foleni kuelekea mpakani, madereva wamelala chini ya matela. Hakumtukana. Hakumsamehe pia, wala Gwantwa hakuomba. Enesi alirudi na makaratasi.

"Magari ya Itumba siku hizi yanapandiwa wapi?" Tusekile aliuliza.

"Njia panda ya Mpemba. Nakaa huko. Nitawapeleka."

Walikwenda watatu, mtoto mgongoni wa nne. Njia panda palikuwa na Noah moja inayosubiri kujaa. Tusekile alisimama kando ya barabara inayopanda kwao, akaikanyaga kwa kiatu, akaikanyaga tena.

"Kumbe wameweka lami."

"Ina miaka kadhaa sasa," Enesi alisema. "Ni saa moja tu hadi nyumbani, mama."

"Saa moja," Tusekile alirudia. Kisha akamgeukia Gwantwa, na kwa mara ya kwanza siku ile akamsemesha Kindali. Alimwuliza ni wa kijiji gani.

Gwantwa alifungua kinywa. Ilimchukua muda. Akamtajia kijiji, na jina la baba yake, kwa Kindali, maneno yakitoka moja moja kama ya mtu anayejifunza.

"Nawafahamu," Tusekile alisema. "Mama yako alikuwa anauza mbegu za maharage."

"Alifariki."

"Pole."

Kondakta aliita. Walipanda, Enesi kwanza, kisha Tusekile na mfuko wake, mlango ukaburuzwa ukafungwa. Gwantwa hakungoja gari liondoke. Ilikuwa saa tisa na nusu, na ukumbi ulikuwa haujafagiwa.